Kibuyu Kutoka Mlima wa Pili

Wazee wa upande wa kijana walipanda hadi kwangu, ghorofa ya nne hapa Tassia, na kibuyu cha mvinyo wa asali. Walikuja kumposa binti yangu. Walisema umetengenezwa mlimani kwao, ule unaotazamana na wetu kule Ukambani, na mimi sikuwaamini. Siku hizi watu huvundika sukari na maji ya mfereji hapo Njiru, kisha wakaapa kwa mizinga ya babu zao. Anayedanganya kwa pombe ya posa atasema kweli kwa lipi? Nilikuwa tayari kuwarudisha na kibuyu chao.

"Mathe, usianze," binti yangu akaninong'oneza. "Onja tu, please."

Nikaonja. Asali ya mgunga, moshi kidogo, na uchungu unaochelewa kooni. Hii ilikuwa ladha ya mvinyo wa mume wangu, na mume wangu alikwisha kufa.

Kwetu mvinyo huchachushwa kwa matunda makavu ya muratina. Huanikwa na kutumiwa tena miaka nenda miaka rudi, ndiyo maana kila boma lina ladha yake. Nilipokuwa na mimba ya binti huyu, ya mume wangu yalipungua nusu. Nilimuuliza ameyapeleka wapi, akanyamaza. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea: ana mwanamke ng'ambo ya bonde. Nikamnunia hadi siku tuliyomzika.

Sasa nikamkazia macho kijana, aliyeketi nyuma ya wazee, nikitafuta pua ya mume wangu usoni pake. Niliogopa sana. Je, kama hawa wawili ni ndugu?

"Mzee," nikamwambia baba yake, "muratina hii mliitoa wapi?"

Akaweka kikombe chini. "Mama, nyumba yangu iliungua na muratina yote ndani, nikabaki mikono mitupu. Mwenye boma hili, marehemu mumeo, tulitahiriwa pamoja. Alinigawia nusu ya yake. Nawe wajua, anayegawa muratina hasemi, isije ikakataa kuchachusha."

Nilijua. Mwiko huo niliujua tangu utotoni, ila kwa mume wangu mwenyewe sikuufikiria hata siku moja.

Wazee walikuwa wakingoja neno langu. Nikasema binti ni wao, nikaingia jikoni kulia. Miaka ishirini nilimpakulia yule mwanamume chakula bila kumtazama usoni.