Shikamoo Mara Mbili

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliishia darasa la nne, lakini mashine ya kukamulia alizeti hapa Ilongero ni yangu, na wenye digrii zao hupanga foleni kwangu na madumu.

Basi alipokuja yule dada kutoka mjini, binti wa duka la Wahindi ninakonunua magunia tangu naanza, sikubabaika. Akaniamkia, akaeleza kazi yake. Wanatengeneza programu ya kuandikia ujumbe kwenye simu, wamevipanga upya vitufe vya kurekebisha maandishi, sasa anataka kuona mtu anavyovitumia. Nikamwambia amefika kwa mwenyewe. Sharti lilikuwa nifikiri kwa sauti, naye asinisaidie. Kusema huku mtu ananisikiliza, kazi hiyo nimezaliwa nayo.

Alikuja na maandishi ya mfano, nikayakataa. Nilikuwa na ujumbe wangu wa kweli. Mwanangu alitaka kuoa kijiji cha Mgori, na baba wa binti, mzee aliyenizidi umri, alinyamazia ujumbe wangu wa kwanza. Mke wangu alisema ni kwa sababu nilitanguliza shughuli, salamu nikaitupa mkiani. Kijana alikuwa hali akashiba. Na huu wa pili, kuusoma tena, mambo yaleyale: "Jumamosi nataka tuzungumze habari ya vijana wetu. Shikamoo mzee wangu, nakuja na mbuzi wawili."

Zamani ningefuta herufi mojamoja mpaka mwanzo, niandike upya. Safari hii nikaburuta kidole juu ya sentensi nzima ya salamu, vitufe vikatokea: Nakili, Kata, Bandika, Tuma. Nikasema kwa sauti kwamba Kata sikigusi. Kukata ni kukata simu, na mkwe hakatiwi simu. Dada akauma kalamu. Nikajipa moyo, nikakibonyeza. Salamu ikayeyuka.

"Umenipotezea shikamoo yangu," nikamwambia.

"Baba, mimi leo sina mdomo. Wewe endelea kusema."

Ikabaki Bandika. Kwetu kinachobandikwa ni sufuria. Nikagusa mwanzo wa ujumbe, nikabandika. Dole gumba langu ni la mtu wa kazi, linafunika nusu ya kioo. Sikuona kilichotokea, nikabandika tena. Dole likateleza, likaangukia kitufe cha jirani, Tuma.

"Baba, subiri," alisema dada, sharti lake kalivunja mwenyewe. Ujumbe ulishafika Mgori, na salamu yake mara mbili.

Alisikitika kuliko mimi. Akaandika kwamba Tuma kihamishwe mbali na Bandika, na nasikia kimehamishwa. Mjue ni dole langu lililokihamisha. Chai haijaisha, jibu likaingia:

"Marahaba, tena marahaba. Anayesalimu mara mbili ana adabu. Njooni Jumamosi na hao mbuzi wanne."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, akanishauri nipige simu nieleze. Nieleze nini? Mwanamume harudishi mbuzi nyuma kwa mdomo. Mwanangu alikula ugali siku hiyo, akaongeza. Leo yule binti wa Mgori yuko jikoni kwangu, na yule dada namshukuru kila msimu kwa dumu la kwanza la mafuta. Ijumaa ile nilikwenda mnadani kutafuta mbuzi wawili wa kuongezea, wakubwa, wasinitie aibu. Muuzaji alinitambua, hakupunguza hata senti: shilingi laki mbili na elfu kumi na saba.