Anayezuia Matunda ya Kwao

Ukungu bado umeifunika barabara pale Mama Kizuizi anapoinua mkono kusimamisha gari la kwanza. Anafungua buti, anasogeza magunia, anapekua kapu moja moja. Dereva anatazama mbele. Hamsalimii.

"Wa juu wananiogopa, wa chini wananichukia," anasema, akicheka kidogo. "Chai nakunywa na redio. Angalau yenyewe haininunii."

Kazi yake ni kuzuia matunda ya bondeni yasipande nyanda za juu. Zamani, nzi wa matunda walipovamia bonde, wanunuzi wa ng'ambo waliifungia mlango nchi nzima. Maparachichi ya juu, ambako baridi haimpi nzi nafasi, yakaozea mashambani.

Siku hizi masharti hufuata hali ya kila eneo. Kaya zipatazo mia nane za juu zinauza tena, mradi nzi asionekane kwao na lisipite hata tunda moja bichi kutoka chini.

Mama Kizuizi mwenyewe ni mzaliwa wa bondeni.

Mwaka juzi mama yake alikuja kumtembelea, na kapu la mapera kutoka uani kwake.

"Nikamwambia, 'Mama, haya hayapiti.' Akaniuliza, 'Hata mimi, mwanangu?' Nikamjibu, 'Nikikupitisha wewe, nitamzuia nani?'"

Aliyafunga mapera kwenye mfuko, akayafukia shimoni mbele ya abiria waliokuwa wakitazama. Alipogeuka, mama yake alikuwa amevuka barabara, anangoja gari la kurudi. Hakuingia kibandani hata kunywa maji.

"Nikamkimbilia. Akasema tu, 'Fanya kazi yako.' Angenitukana, ningepumua."

Tangu siku hiyo simu alizompigia mama yake hazikupokelewa. Jioni akimaliza zamu, alikuwa akipika, anakula nusu, nyingine anaifunika bila kujua anamwekea nani.

Mwezi uliopita idara yake ilitangaza kwamba bonde nalo litasafishwa: mitego ya nzi itatundikwa mitini, matunda yaliyoanguka yatafukiwa. Alikuwa wa kwanza kuomba kuhamishiwa huko, na amekubaliwa. Akapiga simu tena. Safari hii ikapokelewa.

"Mama akauliza, 'Utaanzia kwa nani?' Nikamwambia, 'Kwako, ukiniruhusu.'"

Anajifuta macho kwa kiganja.

"Kisha akasema, 'Njoo. Lakini ngazi ulete mwenyewe, yangu imevunjika.'"

Ngazi ameshainunua. Ataondoka Jumatatu.