Maneno Niliyomtia Mdomoni Kipofu

Kazi yangu ni kutafsiri filamu za lugha nisiyoijua. Usicheke sasa hivi, tunza meno, mbele kuna mengi.

Pale Nkololo, nyuma ya mashine ya kusaga, kuna banda la mabati lenye mabenchi na tivii moja kubwa. Mwenye banda akienda Bariadi mjini anajaziwa tamthilia kwenye flashi, anarudi nazo, tunaangalia kuanzia saa tisa alasiri hadi jua linapozama. Nyingi huja zimeshatiwa Kiswahili na wajanja wa Dar. Lakini mwaka ule alileta moja ndefu ya huko Asia ambayo hakuna mjanja aliyeigusa. Watu wanaongea kilugha chao, halafu chini yanapita maandishi ya Kiingereza, mbio kama ng'ombe walioona maji. Kiingereza chenyewe nilikiacha shuleni kidato cha pili, na sina uhakika kama kilinitafuta. Ila mdomo ninao. Nikapewa maiki, nikakalishwa kwenye kreti la soda pembeni ya tivii, nikaanza kutafsiri. Yaani kutunga. Mtu akilia nampa msiba, akicheka nampa shemeji.

Ndani ya tamthilia hiyo kulikuwa na mzee kipofu. Ana kofia ya majani na fimbo, na popote anapokwenda anafuatwa na dume moja jeupe la ng'ombe. Tatizo lake, hasemi. Anasimama mlimani, upepo unampiga, dakika mbili kimya. Banda zima linageuka kuniangalia mimi, kana kwamba nimemkalia sauti yake. Ikabidi nimjaze. Nilimjaza mahubiri ya Jumapili niliyoyasikia nikisinzia, maneno ya kwenye khanga, na vitisho vya mwalimu wetu wa hesabu. Nilibana koo, sauti ikawa nzito, nikaiachia polepole. Siku moja alisimama njiani, mama mmoja akampa kitu, naye akakisukuma pembeni. Nadhani alikuwa anakataa kununua mboga. Mimi nikamsemea: "Macho haya niliyafunga mwenyewe. Anayeona sana, haoni."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Eeh," kwa sauti ya kanisani. Hapo ndipo nilipojifunga kamba, na mimi nikijisifu.

Kesho yake watu walikuja wameshajadiliana. Wa makanisani walisema yule si kipofu, yule ni Yesu amefichwa. Si aliwaosha miguu ombaomba? Si rafiki yake alimuuza? Wengine, wale wa mambo ya zamani, walisema Yesu wapi, hamkuona dume jeupe? Mnyama mweupe ni wa masamva, wazee wetu waliotangulia, na yule ni mmoja wao, anatembea kuangalia nani bado anamkumbuka. Wakristo wakakaa mabenchi ya kulia, watu wa masamva wakakaa kushoto. Na kwa kuwa ni Wasukuma, mashindano tunayajua ya namna moja tu, yale ya ngoma ya Wagika na Wagalu. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu kutoka kwa mwenzake. Kwa hiyo hawakubishana kwa hoja. Walihesabu makalio. Benchi la kulia likijaa, Yesu kashinda. La kushoto likijaa, masamva wameshinda.

Na makalio waliyoyataka kuliko yote yalikuwa ya bibi yangu.

Bibi ndiye aliyenilea. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, alikuwa anaona mwanga na vivuli tu, nilikuwa namshika mkono kumleta bandani. Amebatizwa, rozari anayo, na akipika pombe ya mtama haisahau pembe ya nyumba wanapomwagiwa wazee. Yaani alifaa kulia na alifaa kushoto. Halafu ni kipofu kama mzee mwenyewe. Kila siku akiingia, wa kulia wanamsalimia mayu, yaani mama, na wa kushoto wanadakia:

"Mwadila, mayu. Njoo huku, tumekuwekea mto."

"Mayu, kwenye mto huo kuna kunguni. Hapa kuna upepo."

Yeye anajibu, "Mhola duhu," salama tu, anaenda kukaa benchi la mbele, katikati, peke yake.

Sasa elewa jambo hili. Bibi hakuwahi kumwona mzee yule. Kwake hakuwa na kofia wala sura, alikuwa sauti, na sauti ni yangu. Wala hakudanganyika, alijua fika ni mimi ninayeongea. Lakini alinichukulia kama vile zamani walivyomchukulia mtoto wa shule anayewasomea barua. Mtoto anasoma, ila maneno ni ya aliyetuma.

Basi likapita gari la matangazo. Madaktari wa macho wako hospitali ya Bariadi, siku tatu, wanatoa mtoto wa jicho. Nilikimbia nyumbani nikamkuta bibi anaanua michembe, vile viazi vya kukausha.

"Bibi, kesho tunaenda kuosha macho."

"Hapana, bhabha."

"Hapana nini?"

"Yule mzee alisema. Anayeona sana, haoni. Sikufungwa haya macho bure. Nikiyafungua kwa kisu cha mtu, nitaelewa nini tena?"

Nikaenda kuomba msaada bandani. Mabenchi mawili ambayo hayajawahi kukubaliana hata kwamba ni saa ngapi, siku hiyo yalikubaliana. Wa kulia: "Muache, imani yake itamponya." Wa kushoto: "Waliomfunika ndio watakaomfunua, usiingilie." Kila upande ulikuwa unamtaka akiwa kipofu, maana akiona anakuwa bibi wa kawaida, na bibi wa kawaida wako wengi.

Siku ya kwanza ikaisha hivyo.

Siku ya pili nikasema, aah, si mimi ndiye mzee? Nitamsemesha. Kwa bahati mbaya sehemu ya siku hiyo alikuwa anakula. Anavuta tambi kwa vijiti viwili, mashavu yamejaa. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikabana koo: "Wazee wote wenye mtoto wa jicho, nendeni hospitali ya Bariadi. Madaktari wapo hadi kesho."

Mtu wa nyuma akauliza, "Huyu wa huko mbali, Bariadi kaijulia wapi?"

"Anajua yote," wakajibu wa kulia.

"Basi anatupima," akasema mzee mmoja wa kushoto, fundi wa majembe, mtu wa kufikiri. "Hamkuona alikuwa anakula? Neno la kweli halisemwi na chakula mdomoni. Hapo anatutania aone nani atakimbia."

Hilo likawafurahisha pande zote. Bibi naye akatikisa kichwa, akacheka kidogo. "Mkubwa akikutania," akasema, "usinyanyuke."

Nilitamani nirudishe mkanda nyuma nimtemeshe zile tambi.

Jioni ile nikaamua kukiri. Tulikuwa jikoni, bibi anakoroga uji kwa kusikiliza unavyochemka. Nikamwambia bibi, yale maneno ni ya kwangu. Ile lugha siijui. Maandishi ya chini siwezi kuyafuata. Mzee yule huenda hata si mtu mwema, huenda ni mwizi wa ng'ombe, sijui. Nilitunga yote.

Bibi hakuacha kukoroga.

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyenijia na barua ya mwalimu mkuu ukashindwa kunisomea?"

"Bibi, ile nilijifanya sijui. Ilikuwa inanisema mimi."

"Wewe uliyeandika jina la ukoo kwenye fomu ya kura, karani akauliza hiki ni kijiji gani?" Akaonja uji. "Maneno yale ni mazito. Hayawezi kutoka kwako. Yalipita tu."

"Nitakuthibitishia. Natunga lingine hapa hapa."

"Tunga."

Ndugu yangu, sijawahi kubanwa vile, hata kwenye mtihani. Nikamwangalia paka, nikaangalia moshi. Nikasema, "Ng'ombe asiye na mkia... hafukuzi... nzi wa jirani."

Bibi akasubiri kama kuna kilichobaki. Hakikuwepo.

"Umeona?" akasema kwa upole kabisa, akanimiminia uji.

Ndiyo hali yangu hiyo. Kila mtu anayeacha shule anaambiwa atajuta, na mimi nilidhani nitajuta kwa kukosa kazi ya ofisini. Sikujua kuna siku nitasema ukweli na cheti nisichokuwa nacho ndicho kitakachonipinga. Na kadiri nilivyokuwa mjinga ndivyo mzee alivyozidi kuwa mtakatifu. Wa kulia waliposikia, walisema hata mitume walikuwa wavuvi. Wa kushoto walisema masamva hawapandi kichwani mwa msomi, hakuna nafasi.

Siku ya tatu nilimwamsha mwenye banda alfajiri, nikamwambia nataka tufungue asubuhi. Akaniuliza kama nimelewa. Nikasema bado. Saa mbili watu walikuwa wamejaa, maana habari ya banda kufunguliwa asubuhi ilishatafsiriwa kuwa ishara. Bibi nikamkalisha mbele. Madaktari wangefunga saa kumi. Kila nilipofumba macho niliona mkono wa bibi ukipapasa ukuta maisha yake yote, kwa sababu ya mtu aliyekataa mboga.

Mzee akatokea. Alikaa mlangoni mwa nyumba, mvua inanyesha, dume limelala pembeni. Hasemi. Uso wake ukajaa tivii nzima, na yale macho yake meupe yakawa yanaangalia moja kwa moja mabenchi. Mdomo umefungwa kabisa. Nikashika maiki.

"Mayu uliyekaa benchi la mbele," nikasema.

Bibi akainua kidevu.

"Macho niliyoyafunga ni ya kwangu. Ya kwako sikuyafunga mimi. Usinisingizie. Nenda wakuoshe."

Mvua ikaendelea kunyesha kwenye tivii. Nilitegemea fundi wa majembe aseme ni mtihani tena. Lakini mzee hakuwa anakula, hapakuwa na pa kushika. Kisha bibi, kwa sauti ya kawaida, kama anayemuuliza jirani bei ya chumvi, akasema:

"Jicho lipi?"

Hilo sikulipanga. Niliona midomo ya watu imeachama, kulia na kushoto, inasubiri. Maiki nilikuwa nimeishika mkono wa kushoto.

"La kushoto," nikasema.

Alinyanyuka. Mabenchi yote mawili yakanyanyuka naye, kila upande ukitangaza umeshinda, wakamsindikiza mpaka kwenye bodaboda kama mcheza ngoma aliyeangusha uwanja. Njia nzima alinishika kiuno.

Hospitali, nesi alimmulika, akasema macho yote yanafaa, leo tunafanya moja, la pili awamu ijayo. "Tuanze na la kulia, bibi?"

"Kushoto. Nimeshaambiwa."

"Na daktari gani?"

Bibi akanielekezea kidevu. "Muulize huyu, ndiye aliyepokea."

Nikajifanya nasoma bango la kunawa mikono. Walifanya la kushoto.

Kesho yake walitoa bandeji. Bibi aliangalia mikono yake kwanza, mbele na nyuma, kwa muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi, akasema nimekonda na shati langu halifai. Nilitoka nje ya wodi nikalia kidogo, jambo ambalo sijamwambia mtu, kwa hiyo na wewe usiseme.

Kilichofuata nilikiogopa toka mwanzo. Bibi alitaka kwenda bandani. Akaingia bila kushikwa mkono, akakaa mbele, akamwangalia yule mzee kwa mara ya kwanza. Aliangalia kwa makini, kama anayekagua mbuzi wa mahari.

"Huyu ni kijana," akasema. "Ndevu za kubandika."

Watu wakamnyamazisha. Akageuka, akaniangalia kwenye kreti langu, maiki mdomoni, koo limebanwa. Nikakwama. Mzee kwenye tivii alikuwa ananyoosha mkono na mimi sina hata neno.

"Sema, bhabha," bibi akasema. "Watu wanasubiri."

Njiani kurudi nyumbani nikamwambia, sasa si umeona. Akasema kaona. Ndevu za bandia, kweli, hata dume lenyewe limepakwa rangi masikioni. Lakini maneno ndiyo yaliyompeleka Bariadi, na amerudi anaona njia, kwa hiyo maneno yalikuwa ya kweli, na nisimchoshe.

"Na jicho la kulia?"

"Hilo mzee hajalisema."

Wiki ile ile mzee akafa. Kweli kabisa, sehemu ya mwisho, walimzika, hakuna nilichoweza kufanya na maiki yangu. Wa kulia wakasubiri siku tatu. Wa kushoto wakasema sasa ndiyo kaanza kazi. Mwenye banda akaleta tamthilia nyingine, ya matajiri wanaoshtakiana mahakamani, watu wote wana tai na macho mazima.

Juzi gari la matangazo limepita tena. Madaktari wanarudi. Bibi yuko benchi la mbele kila siku, jicho la kushoto linafanya kazi, la kulia bado ni ukungu, na anafuatilia kila mtu anayefungua mdomo kwenye tivii. Nilimjaribu wakili mmoja mzee mwenye mvi za heshima. Akasimama mbele ya hakimu, nikabana koo, nikaiachia polepole, nikasema, "Mayu, na la kulia pia."

Bibi akanigeukia na lile jicho lake zima.

"Huyo hapana, bhabha," akasema. "Huyo ni wewe."

Mabenchi yote mawili yakakubali. Nikaendelea kumtafsiri wakili, maana kesi ilikuwa katikati.