Njia ya Ufaransa Iliyopita Xiaobei

Ukitaka kunitoa machozi, huna haja ya kunisimulia habari za msiba. Vuta tu tepu ya kufungia katoni karibu yangu. Ile sauti yake inapotoka kwenye roli, kraaa, kali na ndefu, halafu ikakatwa ghafla kwa kisu au kwa meno. Mimi nauza viatu, na mara mbili kwa mwaka nakuja Guangzhou kununua mzigo. Katika mji huu sauti hiyo haikauki. Kila duka la soko la viatu la Zhanxi lina mtu aliyechuchumaa akifunga katoni. Wenzangu wanadhani macho yangu yanawashwa na vumbi la maboksi, nami huwaacha wadhani hivyo. Leo nakuambia wewe.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoishi hapa na baba. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na ndugu walipokaa kikao kule Machame kuamua nani anichukue, baba alisimama akasema mtoto wake si nyama ya mbuzi ya kugawana. Akanikatia tiketi. Tulipanga chumba ghorofa ya saba, kwenye uchochoro nyuma ya mtaa wa Dengfeng, Xiaobei, katika jengo lisilo na lifti ambamo harufu ya samaki wa jirani ilitutangulia kupanda ngazi. Baba alinunua viatu vya kupandia mlima na kuvituma Moshi kwa wapagazi na waongoza watalii. Viatu hivyo alivijua vizuri, kwa sababu kabla ya biashara alikuwa mpagazi, kisha mwongozaji, miaka kumi na minne Kilimanjaro.

Na kabla hajauacha mlima, alifika Ufaransa. Mzee mmoja na mkewe, wateja wake, walimwalika kwao, wakatembea naye kwa miguu wiki tatu. Wakongo wa pale Xiaobei waliokuwa na ndugu Paris walimcheka, kwa sababu Ufaransa yake haikuwa na mnara wala treni za chini ya ardhi. Ilikuwa na njia nyembamba za tope na majani yaliyooza. Ilikuwa na misitu ya miti yenye matunda ya miiba, ambayo ukiyapasua unakuta mbegu za kahawia za kuchoma. Ilikuwa na bonde lenye mto wa maji ya kijani, na daraja la mawe ambalo watu wawili hawapishani. Katikati ya malisho kulikuwa na mageti ya mbao, na kila apitaye lazima afunge nyuma yake, hata kama haoni ng'ombe hata mmoja. Vijijini hakuna mtu, maji ya chemchemi yanamwagika tu. Baba alishangaa mpaka anakufa kwamba nchi tajiri kiasi kile watu wake wanalala mchana.

Lakini kilichomkaa zaidi moyoni ni alama. Njia nzima ilipakwa mistari miwili ya rangi, mweupe juu, mwekundu chini, kwenye miti, kwenye mawe, kwenye nguzo za umeme. Ukiiona, uko sawa. Ukiona na mshale chini yake, jiandae kukata kona. Ukiona rangi zile zimepishana kama msalaba, huko siko, rudi. Hilo la mwisho hakuna aliyemwambia mapema. Siku ya kwanza, akiwa ametangulia wenyeji wake, baba yangu, Mlutheri wa Machame na besi wa kwaya, aliona msalaba kwenye mti akafurahi, akajua kanisa liko jirani. Aliufuata karibu saa nzima na kuishia kwenye zizi la kondoo. "Na kondoo wenyewe," alikuwa akimalizia, "hawakuwa hata wamefika kipaimara."

Aliyecheka kuliko wote ni Bi Zuhura, Mzanzibari aliyepikia wafanyabiashara nyumbani kwake, ng'ambo ya daraja la waenda kwa miguu. Baba alimwita dada. Tulikula kwake kila Jumamosi, na kila Jumamosi alitaka asimuliwe upya habari ya zizi.

Sasa sikia. Jumamosi moja baba aliamka na roli mbili za tepu, nyeupe na nyekundu.

"Vaa viatu, mama," aliniambia. Mama ndilo jina aliloniita. "Leo tunakwenda Ufaransa."

Ngazi zetu zikawa msitu. Mlango wa chuma wa chini ukawa geti la ng'ombe, na nikatakiwa kuufunga nyuma yangu. Vichochoro, ambavyo nyumba zake zimebanana hata jua halifiki chini, vikawa bonde, barabara iliyopita chini ya daraja ikawa mto, na mwisho wa njia ulikuwa mlango wa Bi Zuhura. Baba alibandika alama zake kwenye mabomba ya maji, kwenye nguzo, kwenye ukuta wa duka la simu. Mlinzi mmoja mzee alitufokea, "Bu xing! Bu xing!", yaani haifai. Baba akampa sigara, akasogea hatua mbili, akabandika.

Mchezo ulikuwa na sheria zake. Mimi natangulia, yeye anafuata kimya. Nikikosea hasemi neno, anasimama tu kunisubiri. "Ukipotewa na alama, usitapetape," alinifundisha. "Rudi kwenye ya mwisho uliyoiona, uanze tena." Nilimuuliza ni nani aliyepaka zile za Ufaransa. Akasema hakuwahi kumwona, ila ni mtu anayeijua njia, anampakia asiyeijua. Wakati wa kurudi alipumzika kila baada ya ghorofa mbili, kiganja kifuani, akidai anatazama mandhari. Mandhari yenyewe ilikuwa ukuta na baiskeli mbovu. Mimi nilicheka. Sikujiuliza kwa nini mtu aliyebeba mizigo ya wazungu mlimani anashindwa na ngazi za nyumbani kwake.

Kila Jumamosi tulikwenda Ufaransa, na kila alama iliyotolewa na wafagiaji aliirudishia. Nilipenda sana, nisikudanganye. Nilipenda mpaka Wanjiru alipoona.

Wanjiru alikuwa Mkenya, ana miaka kumi na mbili, anakaa na shangazi yake ghorofa ya nne, na neno lake kwangu lilikuwa sheria. Jumatano moja tukitoka shule alisimama mbele ya alama ya baba, akashika kiuno.

"Kumbe ni buda yako hupaste hizi matepu kwa ukuta? Mtu mzima! Ai, mimi ningeshikwa na aibu."

Nikashikwa na aibu. Nilimngoja aende zake, nikarudi pale vichochoro vinapoachana njia nne, mahali ambapo alama zilikuwa tatu kwa sababu ndipo nilipokuwa nakosea kila mara. Nilizibandua zote tatu kwa kucha, nikazifinyanga kidonge, nikatupa kwenye pipa la taka. Nikajiambia baba atadhani ni wafagiaji.

Ijumaa asubuhi hapakuwa na shule. Baba alikuwa chumbani anafunga katoni, mimi dirishani. Niliisikia tepu, kraaa, kisha ikanyamaza katikati, bila kukatwa. Nilipogeuka, baba alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye katoni, roli mkononi, uso umelowa jasho. Nilimwita.

"Mama," akasema, "fuata alama."

Niligonga milango miwili ya majirani, hakuna aliyefungua. Saa hizo wote wako sokoni. Nikashuka mbio. Mlango wa chini niliufunga nyuma yangu, hata siku hiyo. Nikafuata nguzo, nikafuata bomba, nikafuata ukuta wa duka la simu, nikafika njia nne.

Ukuta ulikuwa mtupu. Palibaki vipande vya gundi vilivyoshika vumbi. Nilikuwa nimeifuata tepu kwa wiki nyingi, njia yenyewe sikuwahi kuishika kichwani. Nikaingia uchochoro wa kwanza, nikatokea kwenye mabanda ya kuku. Nikafanya kama nilivyofundishwa: nikarudi kwenye alama ya mwisho, nikaanza tena. Nikaingia wa pili, ukanirudisha Dengfeng kwenyewe. Nikarudi. Wa tatu ulikuwa mrefu na uliishia ukutani. Nilikuwa nalia kwa sauti, na watu waliokuwa na haraka zao walinipisha. Wa nne ndio uliotokea darajani.

Bi Zuhura alikuwa anaosha mchele wa Ijumaa.

"Wee mwanangu! Mbona peke yako? Yuko wapi babako?"

"Baba amekaa chini," nikamwambia.

Aliacha mchele, akaacha moto, akatoka na kanga ya jikoni. Alipita akiita vijana, mmoja akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Tulipofika ghorofa ya saba, baba alikuwa bado amekaa vilevile. Roli ilikuwa bado mkononi, na ule mkia wa tepu umemganda kwenye vidole. Lakini yeye alikuwa ameshaondoka.

Msibani Machame nilisifiwa. Mtoto wa miaka tisa kavuka mji wa Wachina peke yake kumtafutia baba yake msaada! Shangazi alilisema hilo kwa kila aliyeingia na kunipapasa kichwa. Nami nikala wali wa msiba.

Nilipofika miaka ishirini na mbili, shangazi huyohuyo alinikabidhi mkoba wa baba. Ndani kulikuwa na ramani ya njia yake ya Ufaransa, imechakaa kwenye mikunjo, na ndani ya ramani karatasi ya hospitali ya Guangzhou. Moyo. Tarehe yake ilikuwa siku mbili kabla ya ile Jumamosi ya kwanza. Nilimpigia simu Bi Zuhura, ambaye alikuwa amesharudi Unguja. Akasema, "Babako alinambia, dada, siku mtoto akija peke yake mlangoni kwako, usimuulize mengi, njoo."

Nilitaka kumwambia habari ya njia nne. Nikamwuliza hali ya miguu yake.

Daktari mmoja ninayefahamiana naye amenieleza kwamba huenda hata ningefika mapema isingesaidia. Huenda. Nimelishukuru neno hilo, ila halijanisaidia kulala.

Ufaransa sijafika. Kila safari ya Guangzhou nakwenda Xiaobei na roli mbili, nabandika alama tatu mahali pale, na safari ifuatayo nakuta zimeshaondolewa. Baba yangu njia ya kwenda kwa Bi Zuhura aliijua hata akifumba macho. Zile alama zilikuwa zangu. Nilizibandua mimi, siku ya Jumatano, nikitoka shule, kwa kucha hizi.