Saa Inayokula Mwendo

Harufu ya dawa ya meno kwenye mswaki mkuukuu imenirudisha nyumbani kwetu Mowlem. Kila Jumapili baba aliisugua saa yake ya mkono, kitu pekee cha bei tulichokuwa nacho, kisha akaipandisha hadi juu ya kiwiko changu, maana kwingine ingeanguka.

"Haina betri, mama. Inakula mwendo. Nenda ukairukie kamba."

Nilikuwa naruka mpaka watoto wa ploti wachoke kuhesabu, ndipo baba alipokuja kuiweka sikioni. "Imeshiba," alikuwa akisema.

Leo nimeisugua mwenyewe, nikaikuta imesimama. Nimetafuta kamba. Jirani wa chini ameshagonga dari mara mbili, lakini bado haijashiba.