Melimeli Begani kwa Kinyozi

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa kinyozi wetu kilikuwa kitambaa cheupe cha melimeli begani, chepesi kama ukungu, chenye doa la maziwa. Tangu apate binti, miezi mitatu sasa, kitambaa hicho hakimbanduki. Mtoto akicheua, kinadaka. Akitoa udenda, kinafuta. Akibadilishwa nepi, kinatandikwa. Akisinzia, kinaning'inizwa dirishani kumkinga na jua. Mikono mipana ya kinyozi hukikunja polepole, kana kwamba nacho kimelala. Jana alimaliza kumnyoa mzee mmoja ndevu, akampangusa kidevu kwa kitambaa kilekile, kisha kwa mazoea akaanza kumpigapiga mgongoni.

"Fundi, mbona wanipiga?"

"Samahani, mzee wangu. Nilikuwa nangoja ucheue."

Tukaangua kicheko sote, isipokuwa binti. Yeye hajawahi kucheka hata mara moja, na baba mtu anaomba kila siku kicheko chake cha kwanza kisimpite. Mkewe, aliyempakata mtoto pale mlangoni, akamwita, "Baba mwana, njoo ujaribu tena. Leo anakutazama kweli." Kinyozi akaweka mkasi chini, akachomoa melimeli safi, akapiga magoti na kujifunika uso. "Baba yuko wapi?" akauliza kwa sauti nyembamba kama ya kifaranga. Akaiondoa ghafla. Binti akaacha kunyonya kidole. Shavu moja likapanda, kidogo tu. Hakuna aliyethubutu kukohoa. Hata mzee, aliyekwisha kunyolewa, alikataa kuondoka. Kinyozi akajifunika tena.