Meko ya Sebuleni

Nilipostaafu ualimu, mimi na mume wangu tulinunua nyumba ya enzi za Mjerumani, karibu na stesheni ya Tabora. Sebuleni kulikuwa na meko ya kuotea moto, yamejengwa ndani ya ukuta na kuzibwa kwa matofali. Mwezi wa saba baridi ya asubuhi huku inauma, na mume wangu magoti yanamsumbua. Nikaamua yafunguliwe.

Fundi mwashi nilimpata mtaa wa Ng'ambo. Aligonga ukuta kwa vidole, akasikiliza, akauliza, "Mama, kuna mtu aliwahi kuyachokonoa haya?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Hapo nikaingiwa na shaka. Hapa mjini watu wanaamini Mjerumani alifukia mali kabla ya kukimbia. Nimeona ua wa jirani ulivyochimbwa mashimo. Kesho yake fundi alitoa matofali, akachungulia juu kwenye dohani ya kutolea moshi, akarudisha kichwa haraka.

"Nipishe, mama, nifunge mlango. Vumbi litakudhuru."

Nikasimama koridoni nimetega sikio. Nyundo ilikuwa kimya. Nilimsikia akikwangua polepole, kisha harufu ya kitambaa kinachoungua ikapenya chini ya mlango.

Adhuhuri alitoka na ndoo, kaifunika kwa shati lake.

"Hiyo ndoo ina nini, fundi?"

"Uchafu, mama."

"Uchafu unavishwa shati?"

Mume wangu akanikanya. Sikumsikiliza, nikalivuta shati mwenyewe. Ndani yalijaa masega ya asali, na nyuki mmoja akanichoma kwenye kope.

Fundi alinitoa mwiba kwa ukucha. Dohani, alisema, ilikuwa imegeuka mzinga, na aliwafukiza nyuki kwa moshi wa kitambaa.

"Mbona ulinificha?"

Akainama. "Mke wangu amejifungua juzi. Nilitaka asali ya uji wake. Nikaogopa utaninyima."

Niliona aibu. Nikampa ndoo yote.

Siku chache baadaye moto uliwaka, moshi ukapanda vizuri, mume wangu akanyoosha miguu akitabasamu. Lakini mwezi uliofuata fundi alirudi na mwenzake nisiyemjua, kabeba gunia lililotokeza mpini wa sururu. Eti wamekuja kukagua kama dohani inapitisha moshi.

Nilifunga mlango wa sebuleni, nikawapa chai, wakainywea barazani mpaka ikaisha, wakaondoka.